Data za wazee wetu wenye dimensia: zifunguliwe au zifungwe?

Mbukwenyi wadau. Juzi pale Nyerere Square, Dodoma, tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Watafiti wakija kupima wazee wenye dimensia, ule ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu, huku Dom, zile data wazifungulie wenzao wa dunia nzima au zibaki kwetu?

Mi nasema zifunguliwe. Wamarekani wana ADNI, mradi wa utafiti wa Alzheimer (aina moja ya dimensia), tangu 2004, skani za ubongo, vipimo vya damu, majaribio ya kumbukumbu, mtafiti wa nchi yoyote anaomba, akikubaliwa anapewa bure. Sisi takwimu inayotajwa kila siku ni ya Hai kule Kilimanjaro, wazee 1,198 wa miaka 70 kwenda juu, asilimia 6.4 wakakutwa na dimensia. Haya, Bahi je? Kongwa? Na ile jeni ya APOE4 inayoongeza hatari ya Alzheimer, inayowatisha sana Wazungu, kwa Waafrika nguvu yake inaonekana ndogo, nani atajua kwa nini kama sisi hatumo humo kwenye kompyuta?

— Kaka punguza mwendo. Bibi yangu Mpwapwa walimfuata na karatasi, wakamsomea, akaitikia ndiyo ndiyo, akachovya dole gumba kwenye wino. Hata gari halijawashwa ananiuliza, "hawa ndo wa mbolea ya ruzuku?" na dole bado la bluu. Hiyo ndo ridhaa? Na msiseme jina litafutwa. 2019 Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, walichukua skani za vichwa vya watu 84, programu ya kutambua sura ikawalinganisha na picha zao, ikapatia 70.

— La bibi sibishi dada, limenigusa. Sura ina programu za kuifuta kwenye skani, na sheria ya taarifa binafsi ya 2022 inaziweka za afya kwenye zile nyeti. Ila ridhaa ichukuliwe mapema mtu angali na akili zake, mwanae awepo, na kila wakirudi wamuulize upya, siku akikataa basi wanafunga begi.

— Nyie mnagombania seva tu. Huku kwetu mama mzee akianza kuzurura usiku anaongea peke yake, na macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote, minong'ono ya uchawi inaanza, na mnajua inapoishiaga. Fungueni, fungeni, sawa tu, ila nani anasimama kwenye mkutano wa kijiji aseme kwa Kigogo kwamba huyu mama anaumwa?