Kundi la familia: SAFARI YA KIPAIMARA

*Alhamisi*

Dada Ndeshi 18:04
Bwana asifiwe wapendwa. Haisi inagonga. Elia kaniambia leo, kumbe anajua tangu Jumatatu. Jumapili saa moja asubuhi tunatoka Majengo watu 14 kwenda Marangu kwenye kipaimara cha Precious. Naomba kila mtu aseme neno, si kusoma na kupita.

Dada Ndeshi 18:31
Mmesoma 17. Aliyejibu hakuna.

Mama Neema 18:33
Pole wifi. Hivi lile sufuria kubwa la mtori liko kwa nani?

Elia 18:50
[sauti, sekunde 41]

Godi 18:52
Nimesikia jogoo. Injini sijaisikia 😂

Godi 18:53
Huyo jogoo ndiye wa Jumapili? Maana kifua anacho

Dada Ndeshi 18:55
Godi wewe uko Dar, hupandi hilo gari. Tulia.

Shemeji Frank 19:10
Atakuwa kajaza dizeli iliyochakachuliwa. Amwage tanki aweke nyingine, kwisha habari.

Ombeni 20:47
Shikamooni, samahani nilikuwa kazini. Elia, hiyo sauti haisaidii, umerekodi ukiwa umesimama getini. Weka simu karibu na injini juu, halafu uiweke chini usawa wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Na uniambie inagonga ikiwa baridi au ikipata moto.

Ombeni 20:48
Na taa ya oili inasemaje?

Elia 20:59
Asubuhi haisikiki sana. Ikishapata moto, ukikanyaga kupanda pale Kiboriloni na abiria, ndipo inapiga ngo ngo ngo. Ukiachia mafuta inapungua.

Ombeni 21:01
Kaka Frank, mafuta mabaya yangegongesha silinda zote. Huu mlio naona una mwenyewe mmoja.

Ombeni 21:01
Elia, taa ya oili?

Godi 21:03
Ngo ngo ngo hodiii. Nani? Ni mimi konrodi, nataka kutoka nje 😂😂

Mama Neema 21:04
😂😂😂 Godi utaniua

Shemeji Frank 21:09
Mnacheka. Haya ni yale yale ya Himo.

Dada Ndeshi 21:10
Frank, tulikubaliana Himo haisemwi humu.

Shemeji Frank 21:12
Na laki mbili yangu inasemwa wapi? Niliambiwa ni gasketi. Risiti sijaiona mpaka leo.

Elia 21:15
Shemeji, risiti alipewa mtu na wewe unamjua.

Dada Ndeshi 21:16
Elia acha. Ombeni, kesho afanye nini? Andika kwa Kiswahili cha kueleweka.

Ombeni 21:30
Hii ni injini ya 5L, pampu ya zamani, kwa hiyo kipimo ni rahisi. Injini ipate moto, iache sailensa, yaani iungurume bila kukanyaga mafuta. Chukua spana 17, legeza nati ya paipu ya dizeli kwenye nozeli ya kwanza, ile inayopuliza dizeli ndani ya silinda, mpaka mafuta yavuje, sikiliza, kaza. Nenda ya pili, hivyo hivyo mpaka ya nne. Funika na kitambaa, yasikurukie. Mwenye gari la siku hizi la nozeli za umeme asijaribu, presha yake inapasua ngozi.

*Ijumaa*

Dada Ndeshi 06:12
Elia umeamka?

Dada Ndeshi 07:40
Elia.

Elia 09:25
Nipo gereji Pasua. Ya kwanza, ya pili, mlio uko pale pale. Ya tatu nikilegeza unapotea kabisa. Ya nne unarudi.

Shemeji Frank 09:27
Si nilisema? Nozeli hiyo. Nunua moja, funga, Jumapili tunapanda.

Dada Ndeshi 09:28
Asante Yesu. Bei gani? Tuchangie sasa hivi, mimi naanza na elfu 20.

Mama Neema 09:30
Mimi jioni wifi. Ila sufuria bado sijajibiwa.

Ombeni 10:02
Msichange kwanza. Tumejua ni silinda ya tatu, hatujajua kinachogonga. Nozeli inayochuruza inagonga, ukiikatia mafuta inanyamaza. Lakini hata beringi ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, ikiwa imekwisha inanyamaza, kwa sababu pistoni haisukumwi tena kwa nguvu. Zote mbili zinakujibu sawa.

Ombeni 10:05
Cha kufanya, fungua nozeli ya tatu na ya kwanza, zibadilishane nafasi. Zile washa zinazokaa chini ya nozeli weka mpya, usirudishe zilizobanwa tayari. Mlio ukihamia silinda ya kwanza, ni nozeli, tumshukuru Mungu. Ukibaki ya tatu, shida iko chini.

Ombeni 10:06
Ila mlio mzito, unaozidi gari likipata moto na likibeba mzigo, mimi haunipendezi. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, beringi iliyolegea inakosa kinga. Ndiyo maana nauliza taa tangu jana.

Godi 10:08
Ombeni VETA ilikupenda. Mimi nilidhani taa ya oili ni ile ya kibatari

Dada Ndeshi 10:09
GODI. Elia jibu. Taa.

Elia 10:31
Inapepesa kidogo. Ikiwa moto, kwenye sailensa tu. Ukikanyaga inazima. Mimi nikajua ni waya.

Ombeni 10:32
Tangu lini?

Elia 10:40
Tangu Pasaka.

Ombeni 10:41
Zima gari. Hiyo ya kubadilisha nozeli iache kwanza. Hata kulisogeza uani lisukumwe.

Shemeji Frank 10:44
Tangu Pasaka na hesabu ilikuwa inaletwa kama kawaida. Oili ilimwagwa lini mara ya mwisho, au nayo alipewa mtu?

Elia 10:46
Shemeji mimi ndiye nalala na hilo gari. Nikisema lisimame wiki mnasema nimekula hesabu. Nikiliendesha mnasema nimeliua.

Dada Ndeshi 10:47
Hapo kwenye hesabu Elia hajakosea sana. Na mimi nilikuwa namsukuma. Lakini taa ungesema mdogo wangu.

Shemeji Frank 10:49
Ubaya utakuwa nini? Marangu si mbali. Tukaenda polepole?

Ombeni 10:55
Kutoka Himo kwenda Marangu Mtoni ni kupanda tu, kaka, na watu 14. Konrodi ikikatika pale inatoboa bloki. Leo labda ni beringi, na kranki kuchongwa kama imechimbika. Ikinoki mlimani tunatafuta injini nzima.

Baba Mkubwa 11:26
Shikamooni wakubwa. Ni Neema, babu ananisomea niandike kama anavyosema. Anasema:
Hilo gari mdogo wangu alilinunua kwa kiinua mgongo chake. Kila asubuhi aliliwasha, akasimama mbele yake mikono nyuma, akalisikiliza kabla hajaruhusu mtu kupanda. Mtoto wa nyumba hii hapandi Marangu kwenye gari linalowaka taa. Elia aniletee funguo leo kabla ya giza. Na ya Himo nimeisoma. Nitaiuliza mwenyewe, uso kwa uso, na aliyepewa risiti awepo.

Elia 12:09
Sawa Baba Mkubwa. Nakuja.

Dada Ndeshi 12:10
Shikamoo Baba Mkubwa. Tumesikia.

Shemeji Frank 12:31
Aika mbe, asante.

Godi 12:33
Shikamoo Baba Mkubwa. Dada natuma elfu 50 ya usafiri.

Dada Ndeshi 12:36
Mungu akubariki Godi. Wapendwa, kuna mtu wa Kosta, anataka nusu leo. Nina 20 yangu na 50 ya Godi. Mwenye Noah aseme inabeba wangapi. Ombeni, si ungefanya hicho kipimo chako leo jioni ili tujue?

Ombeni 13:15
Funguo zinaenda kwa Baba Mkubwa leo dada. Na hata zingekuwepo nisingewasha. Ila kumwaga oili hakuhitaji funguo. Elia, kabla hujaondoka mwambie fundi aimwage kwenye beseni jeupe safi, apitishe sumaku. Beringi yenyewe sumaku haiishiki, kwa hiyo baada ya hapo atazame kama kuna vumbi linalometa, kama rangi ya kucha za Mama Neema.

Mama Neema 13:17
😂 Kucha zangu zimeingiaje

Elia 14:02
[picha]

Elia 14:02
Fundi anasema inameta. Mwingine anasema ni jua.

Ombeni 14:40
Picha ina ukungu. Pangusa kioo cha simu, ipige kivulini, kidole kikiwa ndani ya oili.

Dada Ndeshi 15:20
Elia?

Dada Ndeshi 16:05
Mtu wa Kosta anapiga simu. Nimwambie nini? Mmesoma 19.

Mama Neema 16:07
Sufuria nimeliona. Lilikuwa ndani ya haisi.