Kiongozi wa kambi katuita WAVIVU, tena mwaloni kwetu!

Wakuu, natoka Igombe, mwalo wetu wa kushushia samaki hapa Mwanza, sasa hivi na damu inachemka. Yule kiongozi wa kambi ya chama chao bungeni, mnamjua, hana haja ya kutajwa, kashuka kwenye gari refu kama kivuko, kaona mitumbwi imelala mchangani, kashika kipaza sauti: "Ndugu zangu, acheni uvivu."

Uvivu! Mwezi mpevu! Nani anavua dagaa na mbalamwezi ile? Dagaa wanafuata taa kukiwa giza. Mwezi ukiwaka wanatawanyika, unaunguza petroli bure. Mtoto wa chekechea hapa anajua. Yeye anayewaongoza wabunge wa chama kizima, anayesimama Dodoma kuchambua bajeti ya Mifugo na Uvuvi, hajui!

Hotuba yake ya bajeti niliisikiliza yote. Sangara, mabondo (vibofu vya sangara), viwanda, soko la Ulaya, kisha doria dhidi ya sangara wa chini ya sentimita 50. Sawa, hilo simpingi. Ila dagaa wanaoliwa mpaka Kongo hakuwagusa. Mama zetu wanaanika mchangani, mvua ikipiga mzigo wote unaoza. Chanja za kuanikia hazikupata hata sentensi moja. Halafu anakuja kutuita wavivu! Mbele ya bibi zetu waliokuwa wanageuza dagaa juani tangu asubuhi! WAVIVU!

Arudi aombe radhi, kwa kipaza sauti kilekile.

Ngosha_Kirumba: Pole mkuu, ila picha nimeziona. Mwalo mzima mmevaa kofia zake.

Mleta mada: Kofia ni ya jua. Hoja ni UVIVU.

Ngosha_Kirumba: Na makofi yalikuwa ya jua?

Mama_Nansio: Afadhali nyie kawatukana ana kwa ana. Huku Ukerewe tunamwona kwenye runinga tu.

Mzee wa Kamanga: Mvivu ni anayefungulia maji. Nakaa Buswelu, ziwa nalitazama kwa macho, bomba linakoroma hewa tupu.

Mama_Nansio: Kumbe una bomba, babu? Shukuru.

Mleta mada: Jamani, turudi kwenye mada. Katuita wavivu!

Dogo_Buhongwa: Maji mtachota ziwani. Daladala zetu zinakatisha ruti kila jioni, tunashushwa Nyegezi na nauli tumelipa yote. Hilo nani anatusemea?

Mzee wa Kamanga: Dogo, hata Buswelu hivyo hivyo. Ukiuliza, konda anakwambia shuka.

Ngosha_Kirumba: Fungueni uzi wa makonda, nina ya kwangu ya leo asubuhi.