Nyumba za zamani zinazopitisha upepo na za kisasa zinazobana: tupeane uzoefu

Wakuu, habari za humu.

Nimekulia nyumba ya Kiswahili, Ngamiani, Tanga. Ukumbi umenyooka kutoka barazani hadi uani, vyumba vitatu kila upande, kuta za ndani hazifiki kwenye bati, dari hakuna. Ukikohoa chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma anakupa pole. Kusi likivuma, upepo unaingia barazani unatokea uani. Baada ya adhuhuri bibi alilala ukumbini kwenye mkeka, kajifunika kanga miguuni kwa sababu anasikia baridi. Tanga hiyo, mchana!

Sasa nimejenga Kigamboni. Nimeweka vyote nilivyovitamani: dari la jipsamu, madirisha ya alumini ya kusukuma, milango inayobana. Saa nane usiku nikiweka kiganja ukutani, ukuta bado una joto. Feni inazungusha fukuto lile lile. Umeme ukikatika, watoto wanahamia sebuleni kulala chini kwenye vigae. Inaniuma, maana nyumba hii nimeijenga kwa ajili yao. Wenzangu mnaishije?

*Fundi, Mbagala*
Pole mkuu. Dirisha la kusukuma linafunguka nusu tu, kioo kimoja lazima kikae nyuma ya kingine. Luva za zamani zilifunguka karibu dirisha zima. Halafu angalia juu: bati linapigwa jua kutwa, joto linajaa kwenye kenchi, halina pa kutokea, linashukia kwenye jipsamu. Kwangu nilitoboa ukuta chini ya paa, pande mbili zinazotazamana, nikajengea tofali za matundu na wavu wa mbu kwa ndani. Siku ya tatu mke wangu akauliza kama nimebadilisha feni.

*Muheza*
Huo wavu msiusahau. Nyumba ya mama ilikuwa na mwanya kati ya ukuta na paa, na mbu wa malaria hupenda kuingilia hapo hapo usiku. Mdogo wangu alilazwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Upepo wa zamani naupenda, lakini mwanya mtupu siutaki tena.

*Mama wa wawili, Njombe*
Huku kwetu shida ni baridi. Nyumba ya wazazi ilikuwa na nyufa kila mahali, tukiota moto mgongo unaganda. Nilipohamia nyumba mpya nilishukuru, dirisha likifungwa hata pazia halitikisiki. Mwezi wa saba nikaingiza jiko la mkaa chumbani. Nilisubiri likolee nje kwanza, mkaa wote mwekundu, moshi hakuna, nikajua ni salama. Usiku mdogo akaanza kulia kichwa. Nikataka kuinuka, miguu haina nguvu. Nilitambaa nikimvuta kwa shuka hadi mlangoni, nikarudi kumfuata kaka yake. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na moshi ukiisha yenyewe bado inatoka. Kwa wazazi ilipotelea kwenye zile nyufa tulizokuwa tunazilaumu. Jamani, msilale na jiko ndani, hata dakika kumi.

*Leeds, Uingereza*
Dada wa Njombe, nimesoma mara mbili, Mungu ashukuriwe. Mimi nilitoka nyumba kuukuu yenye baridi, nikapanga fleti mpya. Juu ya fremu za madirisha kuna vitundu vyembamba vya kupitishia hewa, nikaviziba kwa utepe. Nguo naanika ndani. Kufikia Januari nyuma ya kabati ukuta umeota ukungu mweusi. Nimebandua utepe, na kila nikipika nafungua dirisha.

*Mleta mada*
Dada, nimemwamsha mke wangu nikamsomea.

Fundi, leo saa saba mchana nimepanda darini na tochi, sikumaliza dakika mbili. Jumamosi naanza kutoboa upande wa baharini. Niambie, nipange tofali ngapi kila upande?