Pikapu iliyotumika ya kuvutia boti mwishoni mwa wiki: nitazame nini kwanza?

Nanga

Wakuu, naomba ushauri wa wenye uzoefu. Familia yetu imepata boti ya faiba yenye urefu wa mita 5.8 na injini ya nyuma ya nguvu farasi 115, pamoja na trela la ekseli mbili lenye breki zake. Gari dogo tulilo nalo haliwezi kuivuta, hivyo tunatafuta pikapu iliyotumika ambayo siku za kazi itatufaa kwa shughuli za kawaida, na mwishoni mwa wiki itavuta boti hadi ziwani kwa barabara ya lami yenye mlima mmoja mrefu.

Nimebakiwa na magari mawili. La kwanza ni la dizeli, lita 2.8, gia otomatiki, linaweza kuendeshwa kwa magurudumu yote manne, limetembea kilomita 190,000, na mwenyewe anasema wazi kwamba lilikuwa likivuta trela. La pili ni la petroli, nalo ni otomatiki, jipya zaidi, limetembea kilomita 80,000, halijawahi kufungwa chuma cha kuvutia, na linasukumwa na magurudumu ya nyuma pekee. Kijitabu cha boti kinasema ina kilo 1,050, na wauzaji wote wawili wananihakikishia kwamba magari yao yanavuta tani 2 bila shida. Moyo wangu unaelekea kwenye lile la petroli kwa kuwa halijachoka. Mnaonaje?

Mama Usukani

Ndugu Nanga, hongereni kwa boti. Naomba tuanze na uzito, kwa sababu bila kuujua hakuna anayeweza kukuchagulia gari. Kilo 1,050 za kwenye kijitabu kwa kawaida ni za bodi tupu, bila injini, bila mafuta na bila trela. Injini ya farasi 115 hukaribia kilo 165, trela la ekseli mbili la kiasi hicho linaweza kuwa na kilo 400, na lita 120 za petroli, ambayo kila lita ina takriban gramu 740, ni karibu kilo 90. Ongeza betri mbili za jumla ya kilo 50, kisha nanga, mnyororo, kamba, jaketi za kuokolea maisha na vifaa vya uvuvi ambavyo kwa pamoja havikosi kilo 80. Tayari umefika kilo 1,835, na bado hatujahesabu maji yanayotuama chini ya sakafu. Kwa hiyo gari la "tani 2 bila shida" litakuwa linafanya kazi karibu na ukomo wake kila wikendi. Mimi hushauri uwezo ulioandikwa na kiwanda uzidi mzigo halisi kwa robo, yaani kwako usishuke chini ya kilo 2,300. Na usikisie kwa hesabu hizi zangu: peleka boti ikiwa na kila kitu kwenye mizani ya magari, upate namba yake.

Jambo la pili, ambalo wauzaji hawalitaji kabisa, ni kwamba sehemu ya uzito wa trela hukaa juu ya gari lenyewe. Shingo ya trela la boti hukandamiza nyuma ya gari kwa kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote, na matrela mengine hufika hata asilimia 15. Kilo hizo huhesabiwa ndani ya mzigo unaoruhusiwa wa pikapu, pamoja na abiria, masanduku ya barafu, na hata chuma cha kuvutia chenyewe. Tena kiwanda huweka ukomo wa tatu, ambao ni uzito wa gari na trela kwa pamoja. Chukua mfano wa pikapu inayoruhusiwa kuvuta kilo 3,500, lakini jumla yake na trela isizidi kilo 6,000: ukivuta kilo 3,500 kamili, gari linabaki na haki ya kilo 2,500 tu, na kama lenyewe likiwa tupu lina kilo 2,200, basi watu wote na mizigo yote ni kilo 300. Namba hizi zimo kwenye kibao kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango au kwenye kitabu cha gari. Zisome hapo, usizipokee kwa mdomo.

Mkikutana na pikapu ya Kimarekani ya miaka ya nyuma, ongezeni tahadhari. Zamani kila kampuni ilijipimia uwezo wa kuvuta kwa njia yake, hadi kilipokuja kipimo cha pamoja cha chama cha wahandisi wa magari, kiitwacho SAE J2807, ambacho Toyota ilikuwa ya kwanza kukitumia kwa magari ya mwaka 2011. Ndani ya kipimo hicho kuna kupanda mlima wa Davis Dam, Arizona, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, bila pikapu ya kawaida kushuka chini ya maili 40 kwa saa. Mlima wako mrefu ndio mtihani wa namna hiyo, na ndio utakaokuonyesha ubora wa rejeta na giaboksi kuliko nguvu farasi za kwenye tangazo.

Fundi Chesisi

Naunga mkono aliyosema Mama Usukani, nami niongeze upande wa chini ya gari, maana huko ndiko ninakoshinda kila siku.

Kuvuta trela si dhambi kwa gari. Kinachoua gari ni kuvuta kwa joto kali bila kubadilisha oili. Kwa hiyo lile la dizeli usilikatae kwa kuwa limevuta, ila liulize maswali magumu. Gia otomatiki hufa kwa joto, na oili yake ndiyo shahidi wa kwanza. Oili nzima kwa kawaida huwa nyekundu na unaona ndani yake. Ikiwa ya kahawia nzito na inanuka kuungua, ondoka. Giaboksi nyingi za kisasa hazina kijiti cha kupimia, hivyo omba fundi achote kidogo kutoka chini, na muuzaji akikataa hilo, amekwisha kukujibu. Kisha liendeshe kwa mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa, ukikanyaga mafuta kidogo sana. Ukisikia gari linatetemeka kama linapita juu ya matuta madogo madogo ya lami, kisha linatulia ukiachia mafuta, klachi iliyo ndani ya giaboksi imeanza kuchoka, na hiyo ni kazi kubwa. Angalia pia kama lina kipozea oili cha giaboksi kilichofungwa mbele ya rejeta. Kama hakipo, kifungwe kabla ya safari ya kwanza ya mlima.

Gari lililoshusha boti, hasa kwenye maji ya chumvi, lazima litazamwe chesisi kwa makini. Ingia chini na tochi na nyundo ndogo. Gonga kwa upole kuanzia usawa wa kiti cha nyuma hadi mwisho: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu na magamba yanadondoka. Mulika ndani ya matundu ya kutolea maji, kwa sababu chesisi huoza kutoka ndani ilhali nje inapendeza. Ukikuta chini kote kumepakwa rangi nyeusi mbichi wakati gari lina kilomita 190,000, uliza rangi hiyo inafunika nini. Fuatisha mabomba ya breki hadi magurudumu ya nyuma, kisha tazama vishikio vya springi.

Halafu nenda kwenye chuma cha kuvutia. Matundu ya boliti yakiwa yametanuka na kuwa ya mviringo mrefu, mzigo uliokuwa ukivutwa ulikuwa mkubwa kuliko ilivyopasa. Nyaya za taa za trela zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa utepe nazo zinakuonyesha aina ya uangalizi lililoupata gari. Mwisho, simamisha gari mahali tambarare, upime kwa futi ya utepe kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, nyuma kushoto na kulia. Tofauti kubwa ina maana springi imelala.

Nanga

Mmenifungua macho, Fundi na Mama. Nimesoma vibao vya milango na vitabu vyake: la dizeli linaruhusiwa kuvuta kilo 3,200, la petroli kilo 2,000. Hata hivyo jirani yangu, ambaye naye ana boti, anasisitiza kwamba dizeli ya kisasa haifai kwa mtu mwenye safari fupi za mjini siku za kazi. Na je, kukosa magurudumu manne kuna uzito gani ikiwa barabara yote ni lami?

Kasia

Jirani yako ana hoja ya kweli, Ndugu Nanga, ingawa haitoshi kubadilisha uamuzi. Dizeli nyingi za kisasa zina kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi, ambacho hujisafisha kwa kuyachoma masizi wakati gari linapokwenda mwendo mrefu na wa joto. Anayezunguka mjini tu hukiziba. Lakini wewe kila wikendi utapanda mlima na mzigo, na hiyo ndiyo kazi inayokisafisha. Mwambie fundi asome kwenye kompyuta ya gari kiasi cha masizi kilichomo. Faida ya dizeli ni msokoto wake mkubwa, yaani nguvu ya kuzungusha magurudumu, kwenye mizunguko ya chini ya injini, ambao huivuta boti mlimani bila injini kupiga kelele na bila giaboksi kubadilisha gia kila mara.

Kuhusu magurudumu manne, lami haina neno. Tatizo ni zile mita chache za mwisho. Pale unaporudisha trela majini, magurudumu ya nyuma ya gari ndiyo yanayosimama kwenye saruji yenye mwani na utelezi, huku ya mbele yakiwa juu kwenye pakavu. Gari linalosukumwa na ya nyuma peke yake linaweza kuzunguka hapo hapo boti ikiwa imeshapanda kwenye trela. Lenye manne, likiwekwa kwenye gia nzito, linatoka taratibu kwa sababu matairi ya mbele yanashika. Mteremko ukiwa mpole na safi, magurudumu mawili yanatosha, lakini kina cha maji hubadilika, na siku moja utakuta ukingo wa chini ndio uliobaki. Jaribu pia breki ya mkono kwenye mteremko mkali kabla ya kununua, na daima beba vigingi vya kuzuia magurudumu.

Kitu kimoja zaidi, ingawa kinahusu trela: ukifika ziwani, usiliingize majini moja kwa moja. Beringi zimepata moto njiani, na hobu (kitovu cha gurudumu chenye beringi hizo) yenye joto ikizama ghafla, hewa iliyomo hunywea na kuvuta maji kupita kwenye sili. Ifungue boti kamba za barabarani, pakia vitu, acha hobu zipoe, chomoa waya wa taa, ndipo ushuke.

Nanga

Nimerudi kuwapa taarifa. Boti ikiwa imejaa kila kitu ilipimwa ikawa kilo 1,870 pamoja na trela, na nikatoa maji mengi kwenye tundu la kutolea maji. Fundi amekagua lile la dizeli: oili ya giaboksi ni nyekundu, chesisi inalia vizuri, ila bomba moja la breki la nyuma lina kutu na matairi yana namba 1218 ubavuni. Muuzaji amekubali kubadilisha bomba. Nimeliacha la petroli. Kuna lolote lililobaki?

Fundi Chesisi

Matairi. Namba hiyo ina maana yalitengenezwa wiki ya 12 ya mwaka 2018, kwa hiyo hata kama kashata bado ni nene, mpira umezeeka; badilisha yote, na utazame namba za matairi ya trela pia. Bomba likishabadilishwa, oili ya breki nayo ibadilishwe yote. Oili ya giaboksi na ya difu zote mbili zimwagwe sasa, usingoje kilomita za kwenye kitabu, kwa sababu ratiba hiyo imeandikwa kwa gari lisilovuta.

Mama Usukani

Nami naongeza moja. Pima uzito wa shingo ya trela kabla ya safari ya kwanza: iegemeze juu ya mizani ya nyumbani inayobeba uzito huo, kwa urefu uleule itakaokuwa nao ikiwa imefungwa kwenye gari, trela likiwa limezuiwa magurudumu. Kwa kilo 1,870 tafuta kati ya kilo 130 na 190, ukihakikisha kwamba hujavuka ukomo ulioandikwa kwenye chuma cha kuvutia. Ikiwa ni pungufu, sogeza boti au mizigo mbele kidogo, kwa sababu shingo nyepesi ndiyo inayofanya trela liyumbe kwa mwendo kasi. Likianza kuyumba, achia mafuta, shika usukani wima, wala usikanyage breki ya gari kwa nguvu.