Tupeane uzoefu: Neuschwanstein kwa basi la kundi, kwenda na kurudi siku moja

Kiguu na Njia: Wakuu, salaam. Nawaita mliowahi kuchukuliwa na basi la watalii alfajiri kutoka Munich, mkapelekwa kwenye kasri la Neuschwanstein na kurudishwa jioni. Kundi letu lilikuwa na makasri mawili kwenye ratiba: Linderhof kwanza, kisha Neuschwanstein, na katikati tukashushwa Oberammergau kutazama nyumba zenye kuta za michoro. Kwenye karatasi ilipendeza. Kwa vitendo ilikuwa kuhesabiwa tukishuka, kuhesabiwa tukipanda, na mwongozaji anapiga makofi: "Haya, twende!"

Ndani ya kasri kwenyewe ni kama nusu saa tu, na kupiga picha marufuku. Kilichonikaa kichwani ni chumba cha kulala cha mfalme Ludwig II wa Bavaria, aliyelijenga kasri: bomba la kunawia lina umbo la bata maji, na kitanda kimechongwa mbao kwa unakshi ambao mafundi 14 waliuhangaikia zaidi ya miaka minne. Nimeinama kidogo niuone vizuri, mlango wa nyuma umefunguliwa na kundi linalofuata linaingia. Ninyi ilikuwaje?

Mtazamaji: Sisi dakika 20 za mwisho zilikwisha kwenye foleni ya choo. Sina la kuongeza.

Mama Wawili: Pole, kaka. Mimi nilikwenda na mama yangu mzazi, magoti yanamsumbua, na kwenye tangazo la safari hakuna aliyetaja mlima. Basi linakuacha kijijini Hohenschwangau, halafu kupanda kwa miguu ni dakika 30 hadi 40, na kwa mzee ni zaidi. Tukapanda gari la farasi tukijua limetumaliza shida. Wapi! Linaishia chini ya kasri, unabaki na kipande cha mlima cha kumalizia mwenyewe. Na tiketi ina saa yake. Pale uani kuna ubao unaoonyesha namba za makundi. Namba yako ikipita, tiketi imekufa, hata ukilia. Mama alikuwa anahema, mimi namvuta mkono, macho yote kwenye ubao.

Tuliwahi. Lakini alipofika ukumbi wa enzi aliuliza kwa sauti, "Kiti chenyewe kiko wapi?" Watu wakacheka. Ukweli ni kwamba hakipo: mfalme alifariki Juni 1886 kabla hakijatengenezwa. Mwenye nyumba alihamia 1884 ujenzi ukiendelea, akafa baada ya miaka miwili, na wiki saba tu baadaye milango ikafunguliwa kwa watazamaji wa kulipa. Huyo bwana alijenga ili ajifiche na watu!

Baridi Kali: Mliokwenda kiangazi shukuruni. Mimi nilikwenda wakati wa theluji. Daraja la Marienbrücke lilikuwa limefungwa, na basi dogo la kupandisha watu halikuwa likitembea kwa sababu ya barafu. Sasa ile picha ya kasri kutoka ubavuni, yenye korongo la Pöllat chini, inapigiwa darajani hapo. Mwongozaji wetu alijua tangu asubuhi, lakini akatuambia tulipokwisha kufika. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko baridi.

Reli Nyekundu: Ndiyo maana mimi siendi na makundi. Treni ya mkoa Munich hadi Füssen ni kama saa mbili, kisha basi la abiria hadi Hohenschwangau. Bayern-Ticket, tiketi ya siku moja ya treni za mkoa wa Bavaria, inabeba hadi watu watano, ila siku za kazi huanza kutumika saa tatu asubuhi, kwa hiyo msichukue tiketi ya kasri ya mapema. Kateni mtandaoni kabla. Kisha pandeni basi dogo hadi karibu na daraja, pigeni picha, mteremke kwa miguu hadi kasrini. Mlima unakuwa mteremko.

Mama Wawili: Hiyo ya kuanzia darajani laiti ningeijua!

Mzee wa Dirishani: Msiyatukane sana makundi. Mimi sijui Kijerumani, sikutaka kubadilisha treni wala kutafuta tiketi. Nililala garini kwenda, nikalala kurudi. Tatizo ni kubandika makasri mawili siku moja. Linderhof ni dogo na lilimalizika mfalme akiwa hai, linastahili siku yake. Ukiona ratiba ina vituo vitatu, uliza swali moja tu kabla hujalipa: tiketi ya Neuschwanstein ni ya saa ngapi, na tunashushwa kijijini saa ngapi? Muda kati ya kushushwa na saa ya tiketi ukipungua saa moja na nusu, tafuta kundi lingine.

Kiguu na Njia: Sisi ilikuwa dakika 50, Mzee. Na bado walitupitisha duka la zawadi.