Sebule inayopigwa jua la jioni: krimu au kijivu?

Mjenzi_Mbezi: Wakuu, sebule ni mita 4 kwa 4, kimo mita 3. Dirisha kubwa linatazama magharibi, tiles ni za kijivu, taa ni LED nyeupe. Fundi anashauri krimu, nyumbani wanataka kijivu chenye ubluu. Ipi inafaa, na ninunue kiasi gani?

Rola9: Krimu hapo itakusumbua, mkuu. Kuanzia saa 10 jua linaingia na unjano wake, na kuta nne zikimulikiana rangi hukolea kuliko ulivyoiona kwenye kadi ya dukani. Hicho kijivu cha ubluu nacho, juu ya tiles za kijivu na chini ya taa ya 6500K (nyeupe yenye ubluu; K ni kipimo cha rangi ya mwanga), usiku sebule itapooza kama wodi. Tafuta kijivu chenye chembe ya kahawia: weka kadi juu ya karatasi nyeupe, chembe yake itajitokeza. Halafu badilisha balbu, weka 3000K au 4000K, zenye mwanga wa njano zaidi. Balbu ni nafuu kuliko kurudia kupaka.

Mama_Rangi: Naunga mkono, ila usiamue kwa kadi. Paka kipande cha hadibodi cha sentimita 60 kwa 60, koti mbili, acha ukingo mweupe. Subiri ikauke kabisa, maana rangi ya maji ikiwa mbichi huonekana nyepesi. Kisimamishe ukutani, usikilaze, ukiangalie saa 2 asubuhi, saa 7 mchana, saa 11 jioni na usiku taa ikiwaka. Kama kuna mwembe karibu na dirisha, majani huingiza ukijani ndani, na kijivu huudaka haraka sana.

Fundi_Skimu: Kiasi: kuta ni mita za mraba 48, toa mlango na dirisha, zibaki kama 43. Koti mbili ni 86. Lita 1 hufunika kama mita za mraba 10 kwenye skimu (lipu laini ya mwisho) iliyopigwa msasa na praima (rangi ya kwanza ya msingi), kwa hiyo ni lita 8.6. Galoni 2 za lita 4 hazitoshi, chukua 3. Zimwage zote kwenye ndoo moja, ukoroge kabla ya kuanza. Galoni za namba ileile ya rangi hupishana kidogo, na mpishano huo huonekana katikati ya ukuta.

Mjenzi_Mbezi: Asanteni sana. Niweke inayong'aa?

Fundi_Skimu: Hapana. Jua la jioni huupiga ukuta kwa ubavu, kila wimbi la skimu litaonekana. Chukua isiyong'aa, ila inayoosheka.