Naomba ushauri: tiki za buluu zimenikosanisha na dada yangu

Wanachama wapendwa, hamjambo. Ninaishi Umoja, hapa Nairobi, na nimekwama katika jambo ambalo huenda baadhi yenu mmelipitia.

Dada yangu mkubwa aliandika katika kundi letu la familia la WhatsApp akiomba mchango wa karo ya mwanawe. Nilikuwa ndani ya matatu, simu imebaki na chaji ya asilimia 4. Niliusoma ujumbe nikinuia kujibu nikifika nyumbani, lakini usingizi ukanichukua. Kulipokucha alikuwa ameandika, mbele ya shangazi na wajomba wote, kwamba kuna watu husoma na kunyamaza kwa dharau.

Nimempigia mara tatu, hapokei. Mchango nilioutuma kwa M-Pesa ameurudisha, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nimezima tiki za buluu, ingawa nimegundua kwamba katika makundi hazizimiki.

Je, nimwombe radhi katika kundi lilelile, mbele ya wote walioshuhudia, au niende kwake Kitengela tuzungumze ana kwa ana? Na nikijitoa kundini kwa muda, sitaonekana nimeithibitisha dharau hiyo?